Ligi Mpya ya Vyuo Marekani na Askari Wakimbiaji wa Nchi Jirani



Ugomvi wa vyuo vikuu vya Marekani juu ya ligi za michezo unaweza kuonekana, kwa askari aliyeko zamu mpakani Namanga au kwa kijana wa depo anayejiandaa kwa gwaride la asubuhi, kuwa ni jambo la mbali lisilomhusu. Ni ugomvi wa watu wenye fedha nyingi, juu ya mchezo wa mpira ambao huku kwetu hauchezwi. Lakini katika orodha ya vyuo vinavyohusika mna majina mawili ambayo kila mfuatiliaji wa riadha katika Afrika ya Mashariki anayafahamu tangu miaka ya 1970. La kwanza ni Washington State University, chuo kilichoko katika mji mdogo wa Pullman, katikati ya mashamba ya ngano ya jimbo la Washington. La pili ni University of Texas at El Paso, chuo kilichoko ukingoni mwa Marekani, ng'ambo ya mto unaopakana na Mexico. Katika vyuo hivyo ndimo walimopita Henry Rono, aliyekuwa askari wa jeshi la Kenya, na Suleiman Nyambui wa Tanzania. Kwa hiyo uamuzi wowote unaobadilisha namna vyuo hivyo vinavyopata na kutumia fedha za umma unaigusa kwanza nchi jirani ya Kenya, na baada yake Uganda na Tanzania.

Inafaa kueleza jinsi mambo yalivyo huko. Vyuo vikuu vya Marekani havichezi katika ligi moja ya taifa zima. Hujikusanya katika miungano, kila muungano ukiwa na ratiba yake, waamuzi wake, na zaidi ya yote mkataba wake wa kuuza matangazo ya televisheni. Muungano wenye vyuo mashuhuri huuza mkataba kwa mamia ya mamilioni ya dola. Muungano wa vyuo vidogo hupata makombo. Fedha nyingi huletwa na mpira wa miguu wa Kimarekani, ule wa kofia za chuma na kugongana vifua, na kwa kiasi kidogo mpira wa kikapu. Riadha, kuogelea, mieleka na michezo mingine yote hulishwa kutoka katika chungu hicho. Chungu kikipungua, wa kwanza kupunguziwa posho si mcheza mpira.

Mmoja wa miungano hiyo ulianzishwa mwaka 1915 katika pwani ya magharibi, na kwa miaka mingi ya karibuni ulijulikana kwa jina la Pac-12, yaani muungano wa vyuo 12 vya upande wa bahari ya Pasifiki. Ulikuwa na sifa kubwa katika riadha kuliko karibu muungano mwingine wowote. Tarehe 30 Juni 2022 vyuo viwili vya Los Angeles, UCLA na USC, vilitangaza kwamba vinahama kwenda Big Ten, muungano wenye asili yake katika majimbo ya kati. Katika kiangazi cha mwaka 2023 wengine wakafuata: Colorado, kisha Oregon na Washington, kisha Arizona, Arizona State na Utah, na mwisho Stanford na California cha Berkeley. Vyuo kumi viliondoka kwa sababu moja tu, nayo ni fedha za televisheni. Leo timu ya UCLA huweza kupangiwa kushindana na chuo cha Rutgers kilichoko New Jersey, safari ya karibu kilomita 4,000, ambayo inakaribia safari ya ndege kutoka Dar es Salaam hadi Kairo. Na anayesafiri ni mwanafunzi ambaye anatakiwa kuwamo darasani keshokutwa yake.

Vikabaki vyuo viwili, Oregon State na Washington State, vyote viwili mali ya umma, vyote viwili katika miji midogo ambayo makampuni ya televisheni hayaitamani. Vyuo hivyo havikulia tu. Vilikwenda mahakamani katika wilaya ya Whitman, huko huko karibu na Pullman, vikidai kwamba aliyetangaza kuhama hana haki ya kuendelea kukaa barazani na kugawa mali ya nyumba anayoihama. Mwezi Novemba 2023 jaji aliwapa haki, na mwezi uliofuata Mahakama Kuu kabisa ya jimbo la Washington ikakataa kuuingilia uamuzi huo. Ndivyo vyuo viwili vilivyobaki vilivyokuja kuwa wamiliki wa jina na akiba ya muungano wa vyuo 12. Hoja ile ni rahisi kuielewa kwa kila aliyewahi kukaa katika chama cha ushirika.

Kwa akiba hiyo vikaanza kujenga upya. Mwezi Septemba 2024 vilipokea Boise State, Colorado State, Fresno State na San Diego State, na baada ya siku chache Utah State. Mwanzoni mwa Oktoba kikaja Gonzaga, chuo cha Wajesuiti kisichocheza mpira wa Kimarekani lakini chenye jina katika mpira wa kikapu. Mwishoni mwa Juni 2025 kikaongezwa Texas State. Tarehe iliyowekwa ya kuanza rasmi kwa muungano huo mpya ni 1 Julai 2026. Na muungano uliochotwa wanachama, uitwao Mountain West, nao ukatafuta wa kuziba mapengo, ukaipata El Paso, ambayo nayo iliwekewa tarehe ile ile ya kuhama. Hivyo vyuo viwili vya historia ya mbio za Afrika ya Mashariki vimejikuta katika mkondo mmoja wa mabadiliko.

Sasa tuje kwenye mfuko wa umma, maana hapo ndipo penye kisa.

Katika vyuo tisa vinavyounda upya muungano huo, vinane ni vya serikali za majimbo. Ni Gonzaga peke yake kilicho cha watu binafsi. Mountain West ulidai kwamba kwa mujibu wa mkataba uliokuwapo, kuwachota wanachama wake watano kunalipiwa fidia ya dola milioni 55, mbali na ada ya kutoka ambayo kila chuo kinachohama kinatakiwa kulipa. Pac-12 ukakimbilia mahakamani kuipinga fidia hiyo. Msikilizaji atazame vizuri nani anamdai nani. San Diego State na Fresno State ni vyuo vya mfumo wa California State University. San Jose State, kilichobaki Mountain West na kutazamia sehemu yake ya fidia, ni chuo cha mfumo huo huo. Ni mfuko mmoja wa jimbo la California uliokaa pande mbili za meza, ukijidai wenyewe na kuwalipa mawakili wa pande zote mbili.

Kisa kama hicho kilitokea pia kati ya UCLA na Berkeley, ambavyo vyote ni vyuo vya University of California. UCLA kilipohama kufuata fedha, Berkeley kikabaki na hasara. Mwezi Mei 2024 baraza kuu linalovisimamia vyuo hivyo liliamua kwamba UCLA kiilipe Berkeley dola milioni 10 kila mwaka. Huo ndio ukawa ukweli wa biashara iliyoelezwa kuwa ni ya faida: mali ya umma ilipata hapa, ikapoteza pale, na baraza la umma likalazimika kuhamisha fedha za umma kutoka mkono wa kushoto hadi wa kulia.

Zaidi ya hayo, vyuo vingi vya umma vya daraja la kati havijitoshelezi kwa michezo. Pengo huzibwa kwa ruzuku ya chuo chenyewe na kwa ada ya michezo ambayo mwanafunzi hulipa, awe anacheza au hachezi. Mwaka 2024 wanafunzi wa Fresno State waliulizwa kwa kura kama wanakubali kuongezewa ada ili kuijengea michezo ya chuo chao uwezo mpya. Wengi wao walikataa. Jimbo la Oregon lilitafuta njia nyingine: mwaka 1989 bahati nasibu ya serikali ya jimbo ilianzisha mchezo wa kubashiri matokeo ya mpira, mapato yake yakielekezwa kwenye michezo ya vyuo. Mchezo huo ulikwisha mwaka 2007, lakini desturi ya kuitazama bahati nasibu kama kisima cha michezo ya vyuo haikukoma nao.

Kuna kundi moja la vyuo vya Marekani ambalo limekaa pembeni mwa mbio hizi za fedha, na kwa wasikilizaji wa majeshi litakuwa na mvuto wa pekee. Ni vyuo vya maafisa: West Point cha jeshi la nchi kavu, Annapolis cha wanamaji, na kile cha jeshi la anga kilichoko Colorado Springs. Hivyo hulipiwa na serikali kuu yenyewe. Mwanafunzi wake halipi ada. Hulipa kwa utumishi, kwa kawaida usiopungua miaka mitano baada ya kuhitimu. Chuo cha jeshi la anga kilibaki Mountain West wenzake walipohama, na West Point kilijiunga na muungano wa American kwa mpira wa miguu mwaka 2024, muungano ambao Annapolis kilikuwamo tangu 2015. Katika vyuo hivyo mchezaji ni mtumishi wa serikali, na halipwi kwa jina lake wala kwa sura yake kama wenzake wa vyuo vya raia.

Hapo pana daraja la kuvuka kuja huku kwetu, kwa sababu katika nchi za Afrika ya Mashariki mambo yalikwenda kwa namna inayofanana na ile ya vyuo vya maafisa kuliko ile ya vyuo vya raia. Hapakuwa na chuo kikuu chenye kiwanja cha kumlea mkimbiaji wala bajeti ya kumlisha. Waliofanya kazi hiyo ni jeshi, polisi na magereza. Kipchoge Keino alikuwa askari polisi wa Kenya. John Akii-Bua, aliyeshinda mbio za mita 400 viunzi mjini Munich mwaka 1972 kwa sekunde 47.82, na kuwa mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya sekunde 48, alikuwa askari polisi wa Uganda. Filbert Bayi alikuwa mwanajeshi wa Tanzania alipoweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Hizo zilikuwa fedha za umma katika michezo, ingawa hazikuitwa hivyo. Zilikuwa mshahara, sare, chakula cha mesi, na ruhusa ya kamanda ya kutoka zamu ili kwenda kukimbia.

Vyuo vya Marekani viliingia katika picha hii miaka ya 1970. Kocha John Chaplin wa Washington State aliwaalika wakimbiaji kutoka Kenya. Mmoja wao, Samson Kimobwa, alivunja rekodi ya dunia ya mita 10,000 mjini Helsinki mwaka 1977. Mwaka uliofuata Rono akafanya jambo ambalo halijapata kurudiwa: kati ya tarehe 8 Aprili na 27 Juni 1978, kwa siku 81, alivunja rekodi nne za dunia, za mita 5,000, mita 3,000 kuruka viunzi na maji, mita 10,000 na mita 3,000. Alikuwa mwanafunzi, na ratiba ya ligi ya chuo ilikuwa ikimbana wiki baada ya wiki. Alikuwa pia bingwa wa vyuo wa mbio za nyika mara tatu, 1976, 1977 na 1979. Mwaka 1980 ubingwa huo ukachukuliwa na Nyambui wa El Paso.

Rono hakupata hata siku moja kukimbia katika Michezo ya Olimpiki. Kenya ilisusia Montreal mwaka 1976 pamoja na nchi nyingi za Afrika, kwa sababu ya timu ya raga ya New Zealand kwenda kucheza na makaburu. Na mwaka 1980 ilisusia Moscow. Tanzania ilikwenda Moscow, na ilirudi na medali mbili za fedha. Ya Bayi, katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, ilitokana na kambi ya jeshi. Ya Nyambui, katika mita 5,000, ilitokana na kiwanja cha chuo cha Texas. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko huo wa njia mbili zilizokuwa mbele ya kijana wa nchi hizi, na wakati ule njia hizo zilikuwa sawa kwa urefu.

Baadaye hazikuwa sawa tena. Mwaka 1996 Bernard Lagat, mwanafunzi wa chuo kikuu cha umma cha Jomo Kenyatta cha kilimo na teknolojia, alihamia Washington State. Akaiwakilisha Kenya kwa heshima, akapata medali za Olimpiki za mwaka 2000 na 2004. Mwaka huo wa 2004 akawa raia wa Marekani, na mwaka 2007 mjini Osaka akashinda mita 1,500 na mita 5,000 za ubingwa wa dunia akiwa amevaa fulana ya Marekani. Rono naye aliishi Marekani miaka mingi, mingine ya dhiki kubwa, kisha akarudi nyumbani uzeeni na kufariki dunia Februari 2024.

Lakini habari inayostahili kusikilizwa zaidi na wasikilizaji wa majeshi ni ya mwaka 2016. Katika Michezo ya Olimpiki ya Rio de Janeiro, timu ya riadha ya Marekani ilikuwa na wakimbiaji wanne wa mbio ndefu waliozaliwa Kenya na ambao wote walikuwa askari wa jeshi la Marekani: Paul Chelimo, Shadrack Kipchirchir, Leonard Korir na Hillary Bor. Wote walifika Marekani kwa njia ya ufadhili wa masomo katika vyuo. Walipomaliza masomo, jeshi la Marekani liliwafungulia mlango wa kujiandikisha na kupata uraia kwa haraka, kisha likawaingiza katika kikosi chake maalum cha wanamichezo. Chelimo, ambaye kazi yake jeshini ilikuwa usafishaji wa maji ya kunywa, alipata medali ya fedha katika mita 5,000. Kwa maneno mengine, kijana ambaye angeweza kuwa koplo Nairobi au Eldoret, akikimbia katika mashindano ya majeshi ya nchi yake, alipiga saluti kwa bendera nyingine. Hapana haja ya kumlaumu. Alisomeshwa, akalipwa, akathaminiwa, na alikwenda kwa hiari yake. Anayestahili kuulizwa ni mwenye bajeti aliyekuwa na nafasi ya kumpokea mapema na hakumpokea.

Mlango huo wa vyuo ndio ambao sasa unabadilishwa kitasa. Tarehe 6 Juni 2025 Jaji Claudia Wilken wa California aliidhinisha mapatano yanayoruhusu vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, hadi dola milioni 20 na nusu kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, mbali na fidia ya karibu dola bilioni 2.8 kwa wachezaji wa miaka iliyopita. Hakuna chuo cha umma chenye fedha hizo zimelala sandukuni. Kwa hiyo kila mkuu wa chuo anatafuta mahali pa kukata. Mapatano hayo pia yaliweka ukomo wa idadi ya wachezaji katika kila timu. Kwa mbio za nyika ni 17, na kwa riadha ya uwanjani ni 45. Kwa timu ya mpira wa Kimarekani ni 105.

Matokeo yalianza kuonekana mwezi huo huo. Washington State, chuo cha Rono na Lagat, kilitangaza kwamba kinaacha michezo ya kurusha na kuruka, kinapunguza mbio fupi na viunzi, na kuelekeza nguvu zake katika mbio ndefu. Mtu anaweza kusema kwamba hiyo ni habari njema kwa Kenya na Uganda, kwa kuwa mbio ndefu ndizo zao. Ni kweli kwa sehemu. Chuo kinachobaki na mbio ndefu tu kitawahitaji wakimbiaji wa nyanda za juu za Bonde la Ufa kuliko zamani. Lakini kitawahitaji wachache, waliokwisha kuiva, watakaoleta pointi mwaka ule ule wa kufika. Yule kijana wa miaka 18 anayehitaji miaka miwili ya chakula kizuri na mazoezi ya taratibu hataitwa. Na kijana wa kike wa Pokot anayerusha mkuki, au wa Singida anayeruka umbali, hana tena mahali katika kiwanja cha Pullman.

Kuna na pingamizi la viza. Mwanafunzi mgeni nchini Marekani huzuiwa kwa sheria kufanya kazi ya malipo nje ya mipaka maalum, hivyo malipo mapya ya wachezaji, ambayo kwa Mmarekani ni haki iliyopiganiwa mahakamani kwa miaka, kwa mgeni yamekuwa shaka inayoweza kumfukuzisha nchini. Mwezi Juni 2025 serikali ya Marekani ilitoa pia amri ya kuwazuia raia wa nchi kadhaa kupata viza, na Burundi, nchi jirani yenye wakimbiaji wa sifa, ilikuwamo katika orodha ya vizuizi, viza za masomo zikiwa ni pamoja.

Kwa hali hii mzigo unarudi ulikokuwa kabla ya mwaka 1970, yaani kwenye kambi za majeshi na za polisi za nchi zenyewe. Wala mzigo huo haujapata kutua kabisa. Joshua Cheptegei, aliyevunja rekodi za dunia za mita 5,000 na mita 10,000 mwaka 2020 na kushinda mita 10,000 mjini Paris mwaka 2024, ni askari polisi wa Uganda ambaye hakupita katika chuo chochote cha Marekani. Stephen Kiprotich, aliyeiletea Uganda dhahabu ya marathoni London mwaka 2012, ni wa magereza. David Rudisha na Julius Yego ni wa polisi wa Kenya. Na tarehe 15 Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania alishinda marathoni ya ubingwa wa dunia kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, akimtangulia Mjerumani Amanal Petros kwa sehemu 3 za mia za sekunde. Hiyo ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Tanzania katika mashindano hayo tangu yaanzishwe.

Kenya ilijaribu kuitafutia michezo chemchemi ya fedha isiyotegemea huruma ya bajeti ya kila mwaka. Mwaka 2018 iliunda Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ukitegemea kodi za kamari na bahati nasibu. Wazo ni lile lile la Oregon ya mwaka 1989, na hatari yake ni ile ile: kadiri vijana wanavyozidi kupoteza shilingi zao katika kubashiri matokeo, ndivyo mfuko wa kuwajengea viwanja unavyojaa. Fedha za mfuko huo huwaniwa na mengi. Timu ya taifa inapokwenda mashindanoni ina haki ya kwanza, na hakuna atakayeipinga. Ligi ya vyuo vikuu, ambayo haina televisheni wala medali ya kuonyesha bungeni, husubiri nyuma ya foleni. Uganda ina ligi ya kandanda ya vyuo vikuu yenye kelele na mashabiki wengi, nayo inaonyesha kwamba umati wa wanafunzi unaweza kupatikana. Lakini mpira wa miguu hujiuza wenyewe, na mbio za nyika haziwezi.

Ndiyo maana suala linaloikabili Nairobi kwa sasa lina sura ya kijeshi kuliko ya kitaaluma. Mkimbiaji wa miaka 18 aliyekuwa akiisubiri barua ya kocha wa Marekani atasimama katika mstari wa usaili wa jeshi, polisi au magereza. Nafasi za askari wanamichezo ni chache, na kila kamanda anazo hesabu zake za ulinzi. Askari anayekimbia mchana kutwa ana mwenzake anayeshika zamu mbili. Aidha askari mwanamichezo hustaafu riadha akiwa na miaka 35, na iwapo hakusoma kitu katika miaka hiyo, kikosi kitabaki na sajini mwenye medali asiyejua kazi ya ofisi wala ya karakana. Chuo cha Marekani, pamoja na ubaya wake wote, kilimpa kijana cheti. Chelimo alikuwa na shahada kabla hajavaa buti.

Mtu anaweza kutazamia njia ya katikati, ambayo haina gharama ya kutisha: askari mwanamichezo kusajiliwa katika chuo kikuu au chuo cha ufundi kilicho jirani na kambi yake, kusoma kwa nusu ya mwendo wa kawaida, na kushindana kwa jina la chuo siku za mashindano ya vyuo na kwa jina la kikosi siku za mashindano ya majeshi. Kenya ina Chuo Kikuu cha Moi na kile cha Eldoret katika eneo lile lile lenye kambi za mazoezi ambazo dunia nzima huzijia. Hapahitajiki kujenga uwanja mpya. Kinachohitajika ni kanuni inayomruhusu mtu mmoja kuandikwa katika daftari mbili, na fungu la fedha la kulipia ada yake. Kanuni kama hiyo ikiandikwa, itapaswa pia kueleza mapema jambo ambalo muungano wa Pac-12 uliachia mahakama ieleze: anayehama katikati ya njia anaondoka na nini, na nini kinabaki kuwa mali ya aliyemlea.

Vyuo vya Marekani vimepanga kuanza ligi mpya tarehe 1 Julai 2026. Tarehe hiyo hiyo ndiyo unapoanza mwaka wa fedha wa serikali za Kenya, Uganda na Tanzania, na mafungu ya michezo ya majeshi na ya polisi huandikwa kabla yake.